Umeumia vibaya, fidia unadai vipi? Maswali ninayoulizwa kila siku (barabarani, kazini, jeshini)

Nianze kwa kusema mimi sio wakili. Ni karani, mwaka wa kumi na moja huu nabeba mafaili kati ya mahakama ya Kisutu, Mahakama Kuu na maofisi ya bima hapa Dar es Salaam, na haya maswali naulizwa kwenye daladala, msibani, mpaka saluni nikiwa nasukwa. Nimechoka kujibu kwa voisi za dakika saba saba, nimeamua niyaandike yote hapa, ukiulizwa na mtu mtumie. Na wakili wako akikwambia tofauti na mimi msikilize yeye, maana yeye ndo kaliona faili lako.

Kaka yetu kagongwa Kilwa Road usiku huu, yuko MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili), tuanze na nini?

Mtibiwe kwanza. Hakuna fidia ya mguu uliooza kwa sababu ndugu walikuwa bize wanatafuta wakili.

Ila kwenye ule ukoo wote uliojazana kwenye mabenchi pale nje, chagueni mtu mmoja, mmoja tu, mpeni daftari na bahasha kubwa ya kaki. Kazi yake sio kulia wala kununua uji, kazi yake ni karatasi. Risiti ya gozi, risiti ya dawa mliyoambiwa mkanunue nje, bajaji ya kwenda na kurudi, picha za eksirei, jina la daktari, kila kitu kwenye bahasha na tarehe kwenye daftari. Mwingine arudi eneo la ajali kukikucha apige picha: alama za breki, gari lenyewe, namba. Aongee na waliokuwepo, yule mama wa chipsi, vijana wa kijiwe cha boda, achukue namba zao za simu hapo hapo, kwa sababu baada ya miezi sita kijiwe kimehamishwa na mama wa chipsi karudi kwao Lushoto.

Nasema hivi kwa uchungu. Binamu yangu alivunjika nyonga, hospitali moja sitaitaja wakapoteza faili lake, na sisi risiti tulikuwa tunafungia karanga. Mguu ulikuwa mfupi kila mtu anaona, lakini gharama za miezi mitano tulishindwa kuzithibitisha, tukalipwa kwa zile risiti nne zilizobaki kwenye pochi ya shangazi.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ni lazima? Hospitali walimpokea bila hiyo

Mgonjwa wa dharura anapokelewa kwanza, PF3 inafuata, na walifanya vizuri kumpokea. Lakini usiishie hapo ukasema basi haihitajiki. PF3 ndo inayounganisha majeraha na tukio la polisi, bila hiyo bima watakuuliza tutajuaje hujadondoka bafuni. Nenda kituo kilichopokea ajali, chukua, daktari ajaze sehemu yake vizuri, na kabla hujairudisha piga fotokopi tatu. Halafu kuna PF90, hii ni taarifa ya polisi kuhusu ajali yenyewe baada ya upelelezi, pamoja na ramani ya eneo la tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Dereva akishtakiwa, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki nayo mnaihitaji sana. Akikiri kosa siku ya kwanza akalipa faini yake akaenda zake, msifikiri mmedhulumiwa, kule kukiri kwake kunawasaidia nyie kwenye madai.

Na faini ni ya serikali, sio yenu. Kila wiki kuna mtu anakuja na hasira "kalipa faini mbona sisi hatujapewa". Kesi ya trafiki ni kitu kimoja, fidia ni kitu kingine.

Tunamdai nani, dereva, mwenye gari au bima?

Wote wanaingia kwenye picha. Dereva ndo aliyefanya uzembe, mwenye gari anawajibika kwa dereva aliyemtuma, na bima ndo yenye hela. Kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe na angalau ile bima ndogo (third party), na faida ya bima ndogo ni kwamba hailipii gari la mwenye gari, inalipa deni lake kwako wewe uliyegongwa. Watu wengi hawajui hili kabisa, anasikia "gari lilikuwa na bima ndogo tu" anakata tamaa, kumbe hiyo ndo yako.

Namba ya gari ukiwa nayo unaweza kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) kwa simu, fanya hivyo siku hiyo hiyo upige skrinishoti. Halafu iandikie kampuni ya bima barua mapema kuwaambia kuna madai yanakuja, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, usisubiri mpaka kesi iwe imeisha ndo unawagongea mlango na hukumu mkononi, watakwambia hawakuwa na taarifa.

Mwenye gari kaja na laki nane na karatasi ya kusaini, anasema tuyamalize kiubinadamu

Hela ya matibabu pokea, andika umepokea shilingi ngapi kwa ajili ya matibabu, basi. Ile karatasi iliyoandikwa "sitadai chochote tena" usisaini mgonjwa akiwa bado kalala. Hujui bado kama atatembea. Mfupa wa paja unaweza kukaa mwaka haujaunga, kuna kurudia operesheni, kuna kutoa vyuma. Makubaliano sio dhambi, na mimi nimeona makubaliano mazuri kuliko hukumu nyingi, lakini yafanyike daktari akishasema hali imetulia na asilimia ya ulemavu imejulikana.

Gari lililogonga lilikimbia, hakuna aliyeona namba

Hapo pagumu. Bila gari huna wa kumdai wala bima ya kuiandikia. Ripoti hivyo hivyo, ulizia kamera za sheli na maduka ya jirani ndani ya siku chache kabla hazijafutika. Na kama ulikuwa kwenye shughuli za kazi, mfano dereva wa kampuni au mesenja uliyetumwa, nenda kwenye lile swali la WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) chini.

Muda wa kudai ni miaka mingapi?

Hili ndo linaloua madai mengi kuliko kitu kingine. Kwa sheria yetu ya ukomo wa madai, Sura ya 89, kesi ya uzembe uliokuumiza ni miaka 3 tangu siku ya tukio. Miaka 3 inaonekana mingi, lakini mwaka wa kwanza uko kwenye plasta, wa pili mnazungushwa na bima "njoo wiki ijayo", wa tatu mnatafuta hela ya wakili, imeisha hiyo. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa, wanaweza kukuchekea mpaka siku ya mwisho, siku inayofuata barua inakuja lugha imebadilika.

Aliyeumia akiwa mtoto muda wake unahesabiwa tofauti, unaanza akishafika utu uzima, na aliyepoteza akili timamu naye ana nafuu yake. Kuna pia ombi la kuongezewa muda kwa Waziri, ila usiliweke kwenye mipango yako. Na kuwa makini, jambo likiwa linahusu mtu aliyekuwa anatekeleza sheria, askari kwa mfano, kuna kipengele cha mwaka 1 tu. Mwambie wakili mapema nani hasa alikuumiza.

Dada karani, mguu wangu ni shilingi ngapi?

Hakuna bei ya mguu, na anayekutajia namba siku ya kwanza anakuuzia ndoto.

Madai yana mafungu mawili. Fidia mahsusi ni zile hela unazoweza kuzihesabu, matibabu, nauli, kipato kilichopotea, na hizi mahakama inataka uzitaje moja moja na uzithibitishe moja moja, bila risiti hakuna kitu. Fidia ya jumla ni maumivu, ulemavu, maisha kubadilika, hii hakimu anaipima mwenyewe, na hapa ndo umri wako, kazi yako na ripoti ya daktari vinaongea. Fundi rangi aliyepoteza mkono wa kulia na mwalimu aliyepoteza mkono huo huo hawapotezi kitu kimoja.

Shida ya watu wetu ni kipato. Mama ntilie anaingiza elfu arobaini kwa siku lakini hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Taarifa ya miamala ya simu inasaidia. Daftari la kikoba linasaidia. Risiti za jumla za Kariakoo, leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa, mteja wako wa kila siku akija kutoa ushahidi, vyote vinasaidia. Kuna mama mmoja alishinda hoja ya kipato kwa sababu alikuwa na miaka miwili ya daftari la madeni ya chapati, hakimu alilipitia kurasa zote mpaka akatabasamu.

Nilikuwa kwenye boda sina helmeti

Unadai tu. Upande wa pili watasema umechangia kuumia kwako, na fidia inaweza kupunguzwa. Usidanganye kwamba ulivaa, waliokuwepo ni wengi.

Nimeumia kazini, bosi anasema nitibiwe kimyakimya atanilipa mwenyewe

Muulize kwanini kimyakimya. Tangu Julai 2015 kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na anayechangia ni mwajiri peke yake, kwenye mshahara wako hapaswi kukata hata senti. Huna haja ya kuthibitisha nani alikosea, ukiwa umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, inatosha. Hii ni tofauti kubwa na kesi ya mahakamani, hapa uzembe haujadiliwi kama kule.

Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 7 baada ya kujua, na wewe usivuke miezi 12 bila mfuko kujua, ukivuka haki inapotea. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu madaktari wanaupima kwa asilimia, ukiwa 30 kushuka chini unalipwa mkupuo mmoja, ukizidi 30 unapewa pensheni ya kila mwezi. Kuna matibabu, utengamao (kusaidiwa urudi kwenye hali yako), na kama unahitaji mtu wa kukuhudumia kila siku kuna malipo yake. Mfanyakazi akifariki wategemezi wanaingia.

Sasa hesabu inatoka kwenye mshahara, na hapa waajiri wengi wa viwandani wanatuumiza: analipwa laki nne mkononi, kwenye karatasi laki na nusu. Siku ukikatika vidole unagundua kwamba ile "tupunguze kodi" mliyokubaliana ilikuwa inapunguza vidole vyako. Tunza meseji za mishahara.

Mimi ni deiwaka tu, sina mkataba, kampuni haijanisajili

Toa taarifa hivyo hivyo. Kutochangia ni kosa la mwajiri, sio lako. Tafuta cha kuonyesha ulikuwa pale, picha na sare, kundi la Whatsapp la shifti, wenzako, hela iliyotumwa kwa simu. Mafundi wa maghorofa haya ya Kariakoo na Upanga hili liwaingie kabisa, ukidondoka kutoka ghorofa ya nne kitu cha kwanza wanachofuta ni jina lako kwenye daftari la getini.

Bima wanatuzungusha mwaka wa pili

Andikeni barua ya malalamiko kwao kwanza, wakae nayo, wasipojibu vizuri peleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kule ni nafuu kuliko mahakamani na huhitaji wakili. Ila ile miaka 3 ya juu iko pale pale kichwani.

Tumegongwa na gari la jeshi

Haya, tumefika kwenye jeshi, na hapa watu wanaogopa bure. Raia aliyegongwa na gari la jeshi, la polisi au la wizara anaweza kuidai Serikali, kuna sheria yake, Sura ya 5 ya mashauri dhidi ya Serikali. Hairuhusiwi tu kukurupuka. Kwanza unatoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha bila maelewano ndo unafungua kesi, Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima awe ameunganishwa. Ukikosea hapo, ukampeleka kamanda wa kikosi mahakama ya wilaya, kesi inatupwa kabla hata hujasema mguu gani unauma. Tangu mwaka 2020 utaratibu huo unagusa mpaka halmashauri na mashirika ya umma.

Na ukishinda usitegemee dalali kwenda kukamata gari la jeshi! Mali za Serikali hazikamatwi, unapata cheti cha deni na unafuatilia malipo. Inachosha. Ila Serikali haihami wala haifilisiki kama mwenye daladala.

Upelelezi wa tukio mara nyingi polisi jeshi nao wanafika, wewe hakikisha imeripotiwa kituo cha kawaida na PF3 ipo. Andika namba ya gari, kikosi kama kimeandikwa, saa na sehemu.

Na yale mabomu ya Mbagala na Gongo la Mboto?

Naulizwa na watu wa Temeke na Ilala mpaka leo. Mbagala ilikuwa Aprili 29, 2009, Gongo la Mboto Februari 16, 2011 usiku, maghala ya silaha yalilipuka, watu wakafa, mamia wakaumia, wale wa Gongo la Mboto wengi walilala Uwanja wa Uhuru. Fidia zilizopita ziliendeshwa kiserikali kwa tathmini, sio kesi za mtu mmoja mmoja, na kwenye tathmini ya namna ile nyumba inapimwa kirahisi kuliko sikio lililoziba. Kwa anayekuja leo na madai mapya ya mwaka 2011, siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, muda umeshapita mbali. Somo lake ni kwamba tathmini ikipita mtaani kwenu usionyeshe ukuta uliopasuka tu, na mwili nao uandikwe siku hiyo hiyo, na cheti cha daktari kiambatane.

Mwanangu ni askari wa JWTZ, kaumia mazoezini. Tuende CMA?

Hapana mama, CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) hapana. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 imewatoa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Askari wa jeshi anaendeshwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na kanuni zake za pensheni na kiinua mgongo. Njia inaanzia ndani: taarifa ya kuumia iandikwe kikosini siku hiyo, ieleze wazi kwamba alikuwa kwenye zamu au mazoezi, matibabu Lugalo au hospitali ya kikosi, halafu bodi ya madaktari inapima kama anaweza kuendelea na ulemavu ni kiasi gani.

Lile neno "akiwa kazini" kwenye taarifa ndo roho ya kila kitu. Vijana wanaona aibu, anateguka goti anasema niko fiti afande, hakuna kilichoandikwa, miaka sita baadae goti limekufa anaambiwa labda mpira wa mtaani. Mwambie aandikishe, ujasiri sio huo.

Aliumia kwenye ulinzi wa amani, Umoja wa Mataifa wanalipa?

Wanalipa, lakini sio moja kwa moja kwa familia. Dai linapelekwa na nchi, kupitia ubalozi wetu wa kudumu kule New York, na malipo yanapitia Serikali. Kwa kifo na ulemavu kuna kiwango cha juu, mwaka 1997 Baraza Kuu liliweka dola 50,000 na baadae kikapandishwa. Ulemavu unapimwa kwa asilimia ya hicho kiwango. Familia nyingi zilianza kuuliza hili baada ya Desemba 7, 2017, askari wetu zaidi ya kumi walipouawa Kivu Kaskazini kule Kongo. Kazi ya familia ni kuuliza kikosini kwa maandishi dai limepelekwa lini, na kuweka mirathi sawa.

Mdogo wangu yuko jeshi la Uingereza / la Marekani

Sheria za huko ni za huko, usichanganye. Uingereza kwa aliyeumia kwa sababu ya utumishi kuanzia Aprili 6, 2005 kuna mpango wa fidia wa jeshi, haujali nani alikosea, majeraha yamepangwa kwa ngazi 15, na kwa kawaida unaomba ndani ya miaka 7. Kesi ya uzembe mahakamani ni kitu cha pembeni yake, na muda wake ni miaka 3.

Marekani ni kugumu zaidi. Tangu uamuzi wa Mahakama yao ya Juu wa 1950, unaoitwa Feres, mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali yake kwa majeraha yaliyotokana na utumishi, anabaki na mafao ya maveterani. Sheria ya bajeti ya ulinzi iliyosainiwa Desemba 2019 ikafungua kamlango kadogo kwa makosa ya madaktari wa jeshi. Na zile simu za "ulikaa Camp Lejeune utajiri unakusubiri" zinahusu kambi moja North Carolina, maji machafu kati ya 1953 na 1987, sheria ya Agosti 2022 ilitoa miaka 2 ya kudai na imeshaisha. Mtu akikupigia kuhusu hiyo leo, kata simu.

Wakili anachukua kiasi gani? Kuna jamaa nje ya mahakama kasema atanisaidia nusu kwa nusu

Huyo jamaa ni kishoka. Jina la wakili lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, dakika mbili tu. Makubaliano ya malipo yaandikwe, yaseme nani analipa ada za mahakama na ripoti za daktari, na hela ikitoka inaingia akaunti ya nani. Huna uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nenda kwenye mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC, TAWLA au WLAC, au muulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako.

Aliyeumia kafariki kabla ya malipo, nani anadai?

Msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama, barua ya usimamizi. Kule Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi. Fanyeni mapema na mkubaliane nani, kwa sababu nimeona bima ikiwa tayari kulipa na hela ikakaa miaka miwili, wajomba na mjane wanagombania saini.

Hela ikitoka niifanyeje?

Hilo wakili hakufundishi. Mteja mmoja alilipwa Ijumaa, kufika Jumatatu alikuwa kashachangia harusi mbili na msiba mmoja, na operesheni ya kutoa vyuma ilikuwa Machi. Lipia hospitali kwanza, risiti uweke kwenye ile bahasha ya kaki.